Bundi Mdogo wa Sokoke

Ndugu msomaji, mwezi huu tutembee msituni. Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, pwani ya Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi.

Tuliingia alfajiri, wakati wa kiangazi. Jua likiwa kali ndege hunyamaza na kujificha kivulini. Kwa hiyo anayetaka kuwaona huamka mapema.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa kijiji cha jirani. Alitupa masharti matatu. Tusiseme kwa sauti. Tusitoke njiani. Tusiguse kiota.

Baada ya mwendo wa saa moja alisimama, akanyoosha kidole. Ndani ya kichaka alikuwa amelala bundi. Ni mdogo sana, urefu wake haufiki sentimita 20.

Mzee mmoja katika kundi letu alirudi nyuma. "Mwanangu," alisema, "bundi si ndege wa kutazamwa. Akilia juu ya nyumba, kuna msiba."

"Babu," kijana alijibu kwa adabu, "huyu hakai kwenye nyumba. Anakaa msituni tu, na usiku hula wadudu. Wageni wanatoka mbali kuja kumwona. Kwa kazi hiyo nasomesha wanangu."

Wataalamu walimjua bundi huyu mwaka 1965 tu. Anaishi katika msitu huu, na pia katika misitu ya Usambara Mashariki, Tanzania. Miti ikikatwa hana pa kwenda. Na kijana yule naye atakosa kazi.

Wenye kamera na simu walipiga picha. Kiongozi aliwakataza kuwasha taa ya kamera, maana humshtua ndege. Aliwakataza pia kukata matawi ili picha iwe nzuri. Majani hayo ndiyo yanayomficha ndege asionekane na adui.

Mzee alionyeshwa picha. Akaitazama, kisha akasogea amtazame bundi mwenyewe. "Kumbe ni mdogo hivi!" alinong'ona.

Ndugu msomaji, hata kijijini kwako wako ndege. Kesho alfajiri tembea polepole, usimame, utazame. Wako bundi wanaokula panya, na panya ndio wanaomaliza mahindi ghalani. Kabla hujaokota jiwe, tazama kwanza ndege huyo anakula nini. Huenda ukalitupa jiwe lako chini.