Barua ya Wazi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya: Zihifadhini Picha za Miaka ya Ukame

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima nakuandikia kutoka Lamu kuhusu picha zinazohitaji makao.

Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Magazeti yalichapisha mizoga ya ng'ombe wa bara. Mabango ya utalii yakaendelea kuonyesha matanga na machweo. Maisha ya watu wa visiwani hayakuonekana huku wala kule.

Sisi tunaopiga picha hapa tuliyaona. Tuliona jabia za kisiwa cha Pate zikibaki na tope, sakafu zake za chokaa, zilizojengwa zikinge mvua, zikipasuka kwa jua la kaskazi. Madumu yalipangwa foleni tangu alfajiri, kila moja na alama yake, wenyewe wamerudi nyumbani kupika, na hakuna aliyeruka zamu ya mwenzake. Visima vya Shela, vinavyolisha mji wa Lamu, hutegemea mvua inayochujwa na vilima vya mchanga. Maji hayo matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Kamera haiwezi kuifuata chumvi chini ya mchanga, ila inaweza kumwona mama akionja maji kwa ncha ya ulimi kabla ya kujaza ndoo.

Picha hizi zimo ndani ya simu zetu. Simu ikianguka baharini, zimekwenda. Za zamani nazo, nyingine ziko mbali: Mkusanyiko wa Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1860, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wengi waliomo hawana majina. Yasitupate tena hayo.

Naomba Makumbusho ya Lamu yapokee picha hizi, mkianzia Siyu, Faza na Kizingitini kisiwani Pate. Kila picha iandikiwe mahali, mwezi, na jina la aliyepigwa akiridhia. Wako kina mama waliokubali kupigwa na jirani yao, si kutazamwa na wageni. Picha zao zifungiwe, na heshima yao ilindwe.

Tupeni chumba kimoja kikavu na mtu mmoja wa kupokea. Picha tutaleta sisi.

Wako,
Mpiga picha, Lamu