Kazi za Nyumbani: Mistari Tisa Myeupe

Mwezi wa Januari tuliwaambia katika ukurasa huu kwamba tumeanza kufuma blanketi la joto la mwaka, na tangu hapo wengine wenu wametuuliza, "Je, kazi ile imefika wapi?" Twajibu leo, wala hatutaficha aibu iliyomo ndani yake.

Kwa ajili ya wasiokuwa nasi wakati ule, desturi ya kazi hii ni hivi. Kila siku saa nane mchana hupimwa joto la hewa na kuandikwa daftarini. Jioni hufumwa mstari mmoja kwa sindano ya kulabu, kwa uzi wa sufu wenye rangi ya joto la siku ile. Mwaka ukiisha, mistari ni 365. Kila mstari wetu una upana wa milimita 6, basi blanketi zima litakuwa na urefu wa sentimeta 219, nalo litamfunika mtu mzima pamoja na miguu yake.

Wafumaji wa Ulaya waweza kuweka rangi moja kwa digrii 5, kwa kuwa baridi yao na joto lao hupishana mno. Tungaliwafuata wao hapa Njombe, mwaka mzima ungalikuwa na rangi mbili tatu tu. Kwa hiyo tuligawa kwa digrii 2: chini ya 16 ni buluu iliyoiva, 16 na 17 buluu ya mbingu, 18 na 19 kijani, 20 na 21 manjano, 22 na 23 rangi ya chungwa, 24 na kupita ni nyekundu. Msomaji wa Tanga au Mombasa na agawe kwa digrii 1. Tena kipimajoto na kitundikwe kivulini penye upepo, mbali na ukuta na bati, yapata meta moja na nusu juu ya ardhi. Maana kikipigwa na jua hupanda kupita joto la hewa yenyewe.

Hata Julai kazi ilikwenda vema. Mwenye kusoma kipimajoto alikuwa kijana wetu wa miaka kumi na miwili. Tarehe 10 akashikwa na homa ya mapafu, tukampeleka hospitali, na kwa siku tisa hakuna mtu nyumbani mwetu aliyekumbuka sindano wala daftari. Tarehe 19 tukarudi naye, akiwa mnyonge lakini mzima. Siku ile ile aliomba kupelekwa penye kipimajoto, akaandika hesabu yake. Kisha akaona zile nafasi tisa tupu, akasema, "Tuandike 16 zote. Ni kipupwe, nani atajua?"

Na sisi tulio watu wazima tulikubali! Twaungama kwamba uzi wa buluu ulikwisha kutolewa kapuni. Jirani naye alisema twaweza kutafuta hesabu katika simu. Lakini simu ingetupa hesabu ya mahali pengine, si ya kivuli cha ua wetu. Ndipo bibi yake kijana akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, siku hizo hukuwapo uani. Utazishuhudiaje?" Tukanyamaza sote. Mwishowe tukakata shauri kwamba siku isiyopimwa ifumwe kwa uzi mweupe, ambao haukuwa na kazi nyingine katika blanketi lile.

Tulikuwa tumechelewa. Kwa sababu ya kumwuguza, sindano haikushikwa tena mpaka tarehe 31 Julai, na deni letu lilikuwa mistari 21. Hatukujaribu kulilipa usiku mmoja, maana mkono uliochoka hukaza uzi, na blanketi hupindana ukingoni. Kila jioni tulifuma mstari wa siku na mmoja wa deni. Kila mmoja wachukua kama robo saa. Tarehe 20 Agosti deni likaisha. Bandu bandu huisha gogo. Na mwenye kuanza kazi hii asiache ncha za nyuzi kungoja mwisho wa mwaka: kila abadilipo rangi abakize urefu wa kidole, na kila Jumamosi azifiche zote kwa sindano butu.

Tena kazi ya namna hii yaweza kufika mbali. Mwaka 2017 Ellie Highwood, profesa wa elimu ya hali ya hewa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi ambalo mstari wake mmoja ni joto la dunia la mwaka mmoja. Mwaka 2018 mwenzake Ed Hawkins alitoa kwa mfano huo picha ya mistari, buluu kwanza na nyekundu mwishoni, ambayo sasa yajulikana katika nchi nyingi. Watu huiamini kwa kuwa nyuma yake wako wasomaji wengi wa vipimajoto, walioandika walichokiona.

Leo, tarehe 8 Septemba, tumefuma mstari wa 251. Imebaki 114, na uzi mwekundu haujapungua sana, kwa kuwa joto la Oktoba na Novemba li mbele yetu. Wageni wakilitazama blanketi, kwanza huuliza habari za mistari ile tisa myeupe. Kijana wetu ndiye awajibuye.