Wimbo wa Asili wa Kiingereza kwa Klarineti ya Mwanafunzi

Kumpangia mwanafunzi wa klarineti wimbo wa asili wa Kiingereza, piano ikimsindikiza, huanza na vidole vyake, kordi baadaye. Klarineti ya B flati, iliyo ya kawaida kwa wanaoanza, hulia chini ya noti iliyoandikwa kwa toni nzima. Tena kuna kivuko kigumu: kutoka A ya katikati kwenda B inayofuata, vidole vilivyokuwa karibu vyote hewani huziba matundu yote kwa wakati mmoja, huku gumba likibonyeza kitufe cha rejista. Hapo ndipo sauti hukwaruza au kukatika.

Chukua "Scarborough Fair". Katika umbo linalojulikana zaidi, melodia yake haizidi oktava na noti moja. Piano ikitulia kwenye G, klarineti huandikiwa kuanzia G ya chini hadi A, na kivuko kile hakiguswi kabisa. Piano hupata flati moja, klarineti shapu moja. Wimbo ukipandishwa hadi D, mwanafunzi atavuka tena na tena. Huo ni mpango wa aliyekomaa.

Kosa linaloharibu mipango mingi liko kwenye piano. Wimbo huu ni wa modi ya doriani; kwa waliozoea do-re-mi, ni skeli inayoanzia re na kutulia re. Cecil Sharp, aliyeanza kukusanya nyimbo Somerset mwaka 1903 baada ya kumsikia mtunza bustani John England, alizitetea modi za aina hii kwa nguvu katika kitabu chake cha 1907. Alikuwa sahihi. Kordi ya D meja ikiwekwa mwishoni mwa mstari huleta F shapu ambayo wimbo hauna, na ukale wake wote hutoweka. G mina, F na C zinatosha. Na kwa kuwa klarineti ya chini hufunikwa kirahisi, mkono wa kushoto wa piano uwe na noti chache, wa kulia ukae juu.

Ubeti mmoja upewe piano, midomo ya mwanafunzi ipumzike. Alama za pumzi ziwekwe mwisho wa kila mstari, pale pale mwimbaji angevuta pumzi. Kwa mfano wa kuiga, Six Studies in English Folk Song ya mtunzi Ralph Vaughan Williams, ya mwaka 1926, iliandikwa kwa cello na piano lakini ina toleo la klarineti pia. Kila mpangaji aisome kabla ya kushika kalamu.