SHERIA BARAZANI: Alifungwa Mitatu, Karudi Baada ya Miwili

Ndugu msomaji, safari hii swali nililetewa nyumbani kwangu, hapa Bombambili, Songea. Aliyelileta ni bibi mmoja jirani yetu. Bibi huyu ni mkulima wa mahindi. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na hesabu anazijua.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa mkekani. Hakungoja hata chai.

"Mjukuu wangu," alisema, "yule kijana aliyeniibia magunia sita alifungwa miaka mitatu. Mahakamani nilikuwepo. Hakimu alisema mitatu, nilisikia kwa masikio yangu. Toka siku ile nimevuna mara mbili tu. Na jana nimemwona anapita njiani. Ametoroka, au ametoa hongo?"

Swali hili si la bibi peke yake. Kilabuni watu walikuwa wameshatoa hukumu yao: katoa hongo. Basi tulikaa tukahesabu.

Iko Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Sheria hiyo inahusu mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja. Mfungwa huyo akifanya kazi kwa bidii na kuwa na mwenendo mzuri, anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Theluthi ni sehemu moja katika sehemu tatu. Miaka mitatu ni miezi 36. Gawa kwa tatu, unapata 12. Toa 12 katika 36, inabaki 24. Miezi 24 ni miaka miwili. Ndiyo hayo mavuno mawili ya bibi. Lakini mfungwa akiwa mkorofi huko gerezani, anaweza kunyang'anywa siku hizo.

Bibi alichukua kalamu yangu, akaiandika hesabu hiyo upya kwa mkono wake. Ikatoka 24 ile ile. Akanyamaza.

Ziko njia nyingine pia. Katiba yetu, Ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Halafu iko parole, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1994. Watu wengi hawaielewi. Mtu wa parole hajasamehewa. Bado ana kifungo, ila anakimalizia nyumbani chini ya uangalizi. Akivunja masharti, anarudishwa gerezani. Na tangu sheria ya mwaka 2002, mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kupewa huduma kwa jamii. Huyo hafungwi. Anafanya kazi ya umma bila malipo, kama vile kufagia hospitali au kutengeneza barabara.

"Nimeelewa," alisema bibi. "Lakini akiiba tena?"

Hapo ndipo penye kazi. Huko Marekani waliwafuatilia watu waliotoka magerezani mwaka 2005 katika majimbo 30. Katika kila watu 100, kama 68 walikamatwa tena kabla ya miaka mitatu kwisha. Kukamatwa si kuhukumiwa, hilo nalijua. Hata hivyo ni wengi. Tena waliendelea kuwafuatilia mpaka mwaka wa tano. Katika wote waliokamatwa tena, zaidi ya nusu walikamatwa mwaka wa kwanza. Zaidi ya theluthi walikamatwa katika miezi sita ya kwanza tu.

Bombambili si Marekani. Lakini hebu tuitazame miezi sita ya kwanza ya huyu kijana wetu. Amerudi Agosti. Shamba la marehemu baba yake kaka zake wameshagawana. Analala jikoni kwa mama yake. Akiomba kibarua anaambiwa, "Njoo kesho." Jembe hana, na hakuna anayemwazima, kwa kuwa wanaogopa ataliuza. Mvua zinaanza Novemba. Mtu asiyelima Novemba, mwezi wa Machi atakula nini? Atakula cha nani?

Kazi ya shamba anaijua. Magereza yetu mengi ni ya kilimo, kama Gereza la Kitai kule Mbinga. Hakuna aliyemwuliza kijana huyu anaweza kufanya nini. Mimi pia sikumwuliza, mpaka bibi alipokuja kwangu.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unamhurumia yeye. Magunia yangu je?"

Nilikosa la kujibu, maana ana haki. Serikali ilimlisha mwizi miaka miwili, na aliyeibiwa hakupata hata debe moja. Sheria inamruhusu hakimu kuamuru mwizi alipe fidia, lakini siku ile bibi hakujua kwamba angeweza kuomba. Ndugu msomaji, ukiibiwa, usingoje kesi iishe. Mwambie mwendesha mashitaka mapema kwamba unataka fidia.

Mimi na bibi tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kijana aliitwa, akaja na mama yake. Walizungumza jioni nzima, na mara mbili bibi aliinuka kutaka kuondoka. Mwisho walipatana. Kijana atalima ekari mbili za bibi na kuzipalilia. Kazi hiyo itahesabiwa kuwa magunia mawili. Mwakani atalipa mengine. Jembe ametoa bibi. Kila jioni linarudi nyumbani kwake.

Mpaka naandika haya kijana amemaliza ekari moja na nusu. Saa sita bibi humpelekea ugali na maharage, anauweka chini ya mwembe, kisha anakwenda kukagua matuta. Kumsalimia bado hajamsalimia.