MKONO, JICHO NA HESABU VISITENGANISHWE



Mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Huko kila mmoja hufuata njia moja katika tatu: sayansi, ufundi na hisabati, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Tangu hapo twasikia wazazi wakisema, "Mwanangu hatapoteza wakati kwa kuchora." Sisi wafanyakazi yatupasa kuwa wa kwanza kuyakataa maneno hayo.

Tazameni kazi zetu wenyewe. Fundi wa kuchomelea vyuma husoma mchoro kabla ya kuwasha moto. Seremala hupima pembe kwa hesabu, lakini kiti kisichopendeza macho hakinunuliwi. Mshonaji hukata kitambaa kilicho bapa kikaukaa mwili wa mviringo. Hata mpiga gitaa, akibonyeza waya katikati yake, sauti hupanda oktavu moja. Hiyo ni sayansi. Je, ni nani aliyetwambia kwamba mambo haya ni mbali mbali?

Kenya imekwisha jaribu. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulileta sanaa, muziki na kazi za mikono shuleni. Wazo lilikuwa jema, lakini vyombo vilikuwa haba, na wazazi wakaitwa kwenye harambee kujenga karakana. Watoto wengi walikariri majina ya vyombo wasivyopata kuvishika. Baadaye masomo mengi ya namna hiyo yaliondolewa.

Twahofu jambo hilo lisije likarudi. Si kila shule ina njia zote tatu. Mtoto wa mfanyakazi anayesoma shule ya kutwa iliyo karibu na kwao atachaguliwa njia na vyombo vilivyopo, wala si na kipawa chake.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, Serikali ipeleke vyombo na waalimu katika shule za kutwa. Pili, anayesoma sayansi asinyimwe kuchora, na anayesoma sanaa asinyimwe hesabu na kompyuta.

Nanyi, ndugu, msingoje. Nendeni kwenye mkutano wa wazazi mkaulize: mtoto hushika chombo mara ngapi kwa juma? Na wewe uliye fundi, mwombe mwalimu mkuu ruhusa, uwaonyeshe watoto kazi yako. Tusipouliza sisi, hakuna atakayetuulizia.