Mtoto ametafuna penseli? Usikimbilie maziwa

Jumatatu jioni nilikuwa jikoni nakatakata mchicha, mama mkwe akaniita kwa sauti kutoka sebuleni: "Mama Neema, njoo! Mtoto amekula risasi!"

Nilifika mbio. Neema, wa darasa la pili, alikuwa amekaa mkekani, midomo myeusi, penseli iliyotafunwa mkononi. Bibi yake alikuwa ameshika kikombe cha maziwa tayari kumnywesha.

Mzazi mwenzangu, huenda nawe umekua ukiambiwa kwamba ndani ya penseli kuna risasi, na kwamba risasi ni sumu. La sumu ni kweli: madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Lakini ndani ya penseli hayamo.

Kosa hili ni la zamani. Katika karne ya 16, huko Borrowdale kaskazini mwa Uingereza, watu walipata jiwe jeusi, laini, linaloacha alama. Wakadhani ni aina ya risasi, wakaliita risasi nyeusi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alionyesha kuwa ni kaboni, ndugu wa makaa. Ni madini yale yale ya kinywe yanayopatikana kwetu Mahenge na Ruangwa. Ukweli ukajulikana, jina la risasi likabaki midomoni.

Penseli tunayowanunulia watoto leo ilizaliwa vitani. Ufaransa ilipopigana na Uingereza, kinywe cha Borrowdale kilikosekana. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata njia: alichanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, akatengeneza vijiti, akavichoma kwenye tanuru. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mwandiko hufifia. Hiyo ni H. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi. Hiyo ni B. HB ya shuleni iko katikati.

Kwa hiyo maziwa tuliyarudisha jikoni. Kipande kidogo cha kinywe kikimezwa hupita tumboni na kutoka chooni. Neema alisukutua mdomo, basi.

Hatari za penseli ziko kwingine. Kifutio na kile kibati kinachokishika vinaweza kumkaba mtoto. Akikohoa mfululizo au akishindwa kupumua, msaidie papo hapo na mkimbize hospitali. Ncha ikimchoma jichoni, usisugue wala usichomoe kitu, nenda hospitali. Usimruhusu akimbie na penseli mkononi au mdomoni. Rangi ya nje nayo iangalie: rangi nyingine za bei rahisi huweza kuwa na risasi, hivyo penseli inayobanduka rangi usimpe mtoto anayetafuna. Na ukishuku mtoto amekula sumu ya kweli, maziwa si dawa. Mpeleke kituo cha afya pamoja na kile alichokula.

Usiku, bibi yake alipotulia, nilimuuliza Neema kwa nini anatafuna penseli. Akainamisha kichwa. "Mama, hesabu za kutoa kwa kukopa sizijui. Mwalimu akiniita ubaoni, naogopa."

Ningemchapa, nisingelijua hilo. Sasa kila jioni tunakaa mkekani, tunatoa na kukopa kwa maharage, na penseli ya wiki hii bado haina alama ya meno.