WANYAMA WA KWETU: Joho la Mbega wa Diani

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za mbwa-mwitu wa kaskazini ya mbali, katika visiwa vya Kanada na pwani ya Greenland, ambako bahari huganda na jua halionekani kwa miezi kadhaa. Mbwa-mwitu huyo ni mweupe mwaka mzima, sawasawa na theluji anayoikanyaga. Basi mtu akiuliza, “Na kwetu Kwale je, yuko mnyama ambaye rangi yake na makao yake vimefungamana hivyo?” na ainue macho juu ya miti ya Diani amtazame mbega.

Mbega wetu ni mweusi, ila usoni amezungukwa na nywele nyeupe, na mabegani zimemshukia nywele ndefu nyeupe kama shuka ya mzee. Ncha ya mkia nayo ni nyeupe. Mtu akimwona ukutani atasema kwamba mnyama huyu hawezi kujificha. Lakini mbega akipanda penye majani mengi, ambapo kivuli na mwanga vimechanganyika, weusi wake hufanana na kivuli na weupe wake hufanana na mwanga, na jicho humpoteza mara moja. Mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa, kisha baada ya miezi michache hugeuka rangi. Wataalamu wengine hudhani kwamba weupe huo huwavuta majike wa kundi wasaidie kumbeba.

Mwili wake wote umeumbwa kwa maisha ya mitini. Hana kidole gumba kamili, kwa hiyo mkono wake hushika tawi kama kulabu. Chakula chake hasa ni majani, na tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kuyachachusha, kama la ng’ombe. Hapa Kenya aina hii huonekana pwani ya kusini tu. Mbega wa nyanda za juu ni wa aina nyingine.

Hapo ndipo penye shida. Nchi ya theluji ni pana, lakini msitu wa Diani umekatwa vipande vipande na barabara, nyumba na hoteli. Mbega asipopata tawi la kurukia, hushuka barabarani akagongwa na gari, au hushika waya wa umeme akafa. Ndiyo sababu mwaka 1997 shirika la Colobus Trust lilianzishwa huko Diani, na madaraja ya kamba yakatundikwa juu ya barabara ili wanyama wavuke salama.

Lakini tusisahau kwamba wazee wetu walitangulia. Katika Kaya Kinondo, ambayo mwaka 2008 iliingizwa pamoja na kaya nyingine katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, miti haikatwi ovyo, na mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Heshima hiyo imehifadhi msitu kuliko ua wowote.

Basi, ndugu msomaji, ukijenga, uache mti mmoja mkubwa usimame, na matawi yaliyokaribia waya yapunguzwe kwa uangalifu. Wala usimpe mbega mkate, majani yanamtosha. Haba na haba hujaza kibaba, na mti mmoja kwa mmoja hurudisha njia ya mbega.